Joto la Gaëlle

11 Mei

Tumehamia Shituru, hapa hapa Likasi. Nyumba ni ya matofali mekundu, ya tangu enzi za Wabelgiji, na dari yake iko juu mno hata sauti yangu inanirudia nikiita. Mjomba wa mke wangu, Jaël, aliinunua alipostaafu kazi ya kiwandani. Sasa amehamia Lubumbashi kwa wanawe, ametuachia tuitunze. Kule Kikula tulikaa katika chumba kimoja na nusu. Mimi na mke wangu tukipumua tu, chumba kilipata joto. Hapa tumelala na makoti, na mwezi wa sita haujafika.

Jaël aliweka mkono tumboni. "Mutoto atafika mwezi wa nane," akasema. "Baridi itakuwa inaisha."

Nikamwambia tusiitegemee kalenda, tutafute moto.

14 Mei

Sebuleni kuna meko ya kizungu, yamejengwa ukutani, na bomba lake la matofali linapanda mpaka juu ya paa. Leo niliinama ndani yake nione kama linapitisha hewa. Nilitarajia kuona kipande cha anga. Niliona giza, kisha nikasikia ukuta unanguruma.

Nilidhani ni mitambo ya kiwanda. Nikaweka kiganja juu ya meko: matofali yalikuwa vuguvugu, ilhali kuta nyingine zote za nyumba ni baridi kama jiwe la mtoni. Ndipo nyuki mmoja akatoka taratibu, akatembea juu ya majivu ya zamani, akarudi ndani.

Bomba zima limejaa nyuki. Nilimwita Jaël. Aliweka kiganja, kisha sikio.

"Bale nyuki banaishi muzuri kutupita sisi," akasema.

16 Mei

Tumekaa mezani kuamua. Jaël ni mshonaji, hapendi jambo lililoachwa bila pindo. Anataka tujue moto wa kwanza utakuwa upi, na wa kwanza ukishindwa, tutashika upi.

Umeme ukiwapo, hakuna kilicho safi kama huo. Lakini unakatika unavyotaka. Gesi inafika Likasi leo, kesho haipo, na Jaël anaiogopa ile chupa kama nyoka. Meko yana wenyewe. Makala, yaani makaa ya kupikia, yanapatikana kila kona, mvua au jua.

Tumekubaliana: umeme ndio wa kwanza, makala ni akiba, na makala yakiingia ndani dirisha libaki wazi. Hili la dirisha nilisema mimi. Ninafundisha jiografia, si kemia, lakini hilo ninalijua.

18 Mei

Nimenunua radiateri ya umeme soko la Kikula. Niliiwasha, nyaya zake zikawa nyekundu, tukaanza kuvua makoti, mara giza, mtaa mzima. Jirani yetu Exaucé alitoka nje na tochi, akicheka.

"Mwalimu, umekula courant ya avenue muzima!"

Yeye ni fundi umeme. Alibadilisha waya wetu, akakataa chochote ila chai.

22 Mei

Mama amefika. Mama Berthe anauza samaki wakavu sokoni Kikula tangu nikiwa mtoto, na amekuja kukaa nasi mpaka Jaël ajifungue. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wa makala, mkungu wa ndizi na mbabula yake, lile jiko la bati lenye matundu ambalo ninalifahamu kuliko nguo zangu za utotoni. Akaitazama radiateri.

"Hii kitu inakula nini?"

"Courant, mama."

"Na courant ikikufa?"

Nikamweleza habari ya makala na dirisha. Akanicheka usoni. "Weye mwenyewe ulikulia kando ya hii mbabula. Batoto sita. Nani alikufungulia dirisha?"

25 Mei

Binamu yangu Pitshou, anayelina asali porini upande wa Kambove, alikuja kuwatoa nyuki. Alipuliza moshi, kipande cha sega kikaanguka juu ya majivu, na baada ya hapo sote tulikuwa uani, Pitshou akiwa na jicho moja, jingine limevimba na kufumba. Amesema atarudi na vifaa.

2 Juni

Baridi imeingia.

3 Juni

Hakuna umeme.

4 Juni

Hakuna umeme. Wanafunzi wanaandika na soksi mikononi.

7 Juni

Asubuhi, bondeni karibu na mto, majani yalikuwa meupe. Nilidhani ni vumbi la kiwanda. Nikayagusa: barafu! Nyembamba, ina kingo kama meno ya msumeno mdogo, ikayeyuka kidoleni kabla sijamaliza kuitazama. Miaka kumi na mmoja ninachora ramani ya nyanda za juu za Katanga ubaoni, sijawahi kuigusa baridi yake kwa kidole. Nilichelewa kazini, na sikuona haya.

Jioni mbabula iliingia ndani. Dirisha wazi. Mama akanuna.

12 Juni

Ninaandika hospitali.

Nilitoka kazini kama kawaida, jua likiwa bado linawaka. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umefungwa. Nilibisha, kimya. Nilipousukuma nilipokewa na joto, joto zuri kabisa, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikaona mbabula katikati ya chumba cha kulala, makala mekundu bila moshi wowote. Mama alikuwa ameinamia kiti chake kama anasali. Jaël alikuwa sakafuni kando ya kitanda, ametapika, macho yamefunguka nusu. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chini ya mlango kulikuwa na kitenge kilichokunjwa kuzuia upepo.

Nilimshika Jaël kwapani nikamvuta mpaka uani. Niliporudi kwa mama, magoti yangu yalianza kuyeyuka, na chumba kilikuwa na joto lile lile zuri. Nilipiga kelele kumwita Exaucé. Aliruka ukuta, akamchukua mama mgongoni. Akatupakia katika gari la shemeji yake.

Njiani mama alizinduka kwanza. Hakuniuliza yeye yuko wapi. Aliuliza, "Jaël anapumua?"

"Anapumua."

"Minye njo nilifunga dirisha," akasema. "Alikuwa anatetemeka. Nikafunga."

Wamewawekea wote wawili hewa ya oksijeni. Daktari alinieleza: makala yakiwaka ndani yanatoa hewa yenye sumu, haionekani, hainuki, inachukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Nikamuuliza juu ya mtoto tumboni. Akasema moyo wake unasikika, na kwamba tungoje.

13 Juni

Moyo unasikika.

15 Juni

Ni msichana. Amekuja kabla ya wakati, kwa kupasuliwa mama yake. Jaël anaishi. Mtoto anaishi. Uzito wake haufiki kilo mbili. Anaitwa Gaëlle.

Nilimuuliza daktari kama ni ile hewa. "Labda," akasema. "Na labda angekuja hivi hivi. Hakuna atakayeweza kukuambia." Nilipeleka maneno hayo kwa mama, nje, alipokaa juani kwenye kibaraza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari hakuniona nikifunga dirisha," akasema. Hajaingia kumwona mtoto.

17 Juni

Lazima niandike haya yote kabla hayajapoa.

Gaëlle alikuwa katika kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto. Lipo moja tu katika wodi, na alilala humo na kichanga mwingine, kama mikate miwili. Jaël ana homa. Kidonda cha upasuaji kimeingia uchafu, hawezi hata kuketi. Nilikuwa nimesimama kwenye kioo nikimtazama binti yangu. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka kama koo la mjusi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, niliona njia za damu chini yake, mito midogo yenye vijito, ramani ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha kuisoma.

Umeme ukakatika. Jenereta ya wodi ilikohoa, ikanyamaza. Ilikuwa adhuhuri, lakini upande ule wa jengo haupati jua, na upepo ulikuwa unapita chini ya milango. Muuguzi, mama Sylvie, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliweka mkono ndani ya sanduku, akaugusa mguu wa mtoto, akanigeukia.

"Papa Firmin, vula shati."

"Shati?"

"Na ile ya ndani. Mashini imezimika. Weye njo moto yake sasa."

Sikuelewa. Alinikalisha kwenye kiti, akamtoa Gaëlle akiwa na nepi na kofia tu, akamlaza wima juu ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Akatufunga wote wawili kwa kitenge, akaweka koti langu juu. Mama wa kichanga cha pili alikuwa tayari amefanya vivyo hivyo upande wa pili wa chumba, bila kuuliza.

Nyayo za mtoto zilinigusa chini ya mbavu. Zilikuwa baridi kama kokoto. Niliogopa kupumua, nikidhani pumzi yangu ni kubwa mno kwake.

"Pumua tu," mama Sylvie akasema. "Atakufwata. Akisahau, mukumbushe. Mupanguse mugongo."

Na alisahau. Nilihisi kile kifua kidogo kimetulia, si utulivu wa usingizi. Nilipangusa mgongo wake kwa kidole kimoja, na nikasema jina lake, mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Alishtuka. Akavuta hewa. Akaendelea, kana kwamba nilikuwa nimemkatiza tu katika mazungumzo.

Sijui tulikaa muda gani. Wanaume wawili waliopita mlangoni walinitazama, mmoja akacheka. Sikujali. Nilikuwa ninasikiliza zile nyayo. Kwanza ziliacha kuwa baridi. Kisha sikuweza kujua mwisho wa ngozi yangu uko wapi na mwanzo wa yake uko wapi. Kisha zilikuwa na joto.

Mama Sylvie aligusa mguu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kwa mtoto mwingine. Kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Mimi nililia. Nimebeba moto huu ndani yangu miaka thelathini na nne, nikiunywesha chai na kuulisha bukari, ule ugali wetu, na sikuwahi kujua kwamba unaweza kumtosha mtu mwingine.

18 Juni

Umeme umerudi. Mama Sylvie amesema nisimrudishe kwenye sanduku, kifua ni bora. Ninaandika kwa mkono mmoja.

19 Juni

Jaël bado ana homa. Ninampeleka Gaëlle kando ya kitanda chake, anamgusa kofia, anakamua maziwa kidogo, mtoto analishwa kwa mrija. "Anafanana na baba yangu akiwa na hasira," Jaël akasema. Ni mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu ile siku.

21 Juni

Nimeamka ninakohoa, na mwili unawaka. Mama Sylvie alinipima, akanifukuza kwenye chumba cha watoto. "Kikohozi yako inaweza kumuua. Nani mwingine iko?"

Nani mwingine? Dada zangu wako Kolwezi na Kalemie. Mama wa kichanga cha pili hawezi kubeba wawili. Nilikwenda kibarazani.

Mama alikuwa pale pale, na kikapu cha chakula anachotupikia na kutuletea kila siku bila kuvuka kizingiti.

"Minye sitamugusa," akasema kabla sijafungua kinywa. "Niliingiza kifo katika nyumba yako, Firmin. Nilikilaza kando ya kitanda ya bibi yako Jaël."

"Mama, makala niliyakubali mimi. Tuliyakubali pamoja."

"Ulisema dirisha. Nikakucheka."

Mama Sylvie alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua.

"Mama Berthe, uko na homa?"

"Hapana."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi ingia, mutoto anapoa."

Mama hakuinuka. Ndipo tukasikia sauti ya Jaël. Kitanda chake kiko karibu na dirisha la kibarazani, na kumbe alikuwa amesikia yote. Sauti ilikuwa nyembamba, alikuwa anaivuta kutoka mbali.

"Mama mukwe. Minye siwezi kusimama. Firmin hawezi. Umubebe."

Mama akavuta kikapu karibu na miguu yake.

"Ulifunga kwa ajili yangu, nilikuwa natetemeka," Jaël akasema. "Ninajua. Nilikuwa pale. Sasa umubebe."

Mama aliinuka. Alinawa mikono mpaka viwiko, akanawa tena. Mimi nilibaki nje ya kioo. Nilimwona akifungua blauzi yake mbele ya muuguzi bila aibu. Kifua kile kilichotunyonyesha sisi sita kimelegea na kukunjamana, na katikati yake mama Sylvie alimlaza Gaëlle. Mama alifumba macho. Mikono yake aliishikilia hewani, mbali na mtoto, kama mtu anayeogopa kuchafua kitu. Mtoto alijikunja, akageuza shavu, akatafuta mahali, akapapata.

Taratibu sana, mikono ya mama ilishuka.

Mimi nilimjua mama yangu kama sauti ya soko, mtu wa kubishana mpaka mchuuzi mwenzake afunge meza. Sikuwahi kumwona akinyamaza hivi. Alisimama na mjukuu wake mwili mmoja, midomo ikitembea bila sauti, na machozi yakidondoka juu ya ile kofia. Mama Sylvie aliyafuta kwa pembe ya kitenge, asije akamlowesha mtoto.

22 Juni

Nimelala kutwa nzima. Mama hajamshusha Gaëlle ila wakati wa kumlisha.

24 Juni

Kikohozi kinapungua. Mama ameniambia kupitia kioo nisifanye haraka.

28 Juni

Nimeruhusiwa kurudi. Tunapokezana: mimi mchana, yeye jioni. Anaponikabidhi ananipa maagizo marefu, utadhani sikuwahi kumbeba. Exaucé alikuja na matunda, akatukuta tunakabidhiana mtoto, tumevua nguo za juu, mimi na mama, kila mtu kwenye kiti chake. "Sasa katika hii nyumba yenu radiateri ni nani?" akauliza. Mama akamjibu, "Firmin. Minye ni akiba." Alicheka mwenyewe, kicheko kifupi, cha kwanza tangu ile siku.

2 Julai

Homa ya Jaël imeshuka! Leo amembeba. Nilitoka nje niwaache peke yao, nikashindwa kukaa nje.

9 Julai

Tumerudi Shituru, wote wanne.

Nilikuwa nimeihofia nyumba. Niliikuta imebadilika. Pitshou alirudi na rafiki zake wenye mavazi ya kulinia. Waliwahamisha nyuki usiku wa kuamkia jana katika mzinga wa gome, wakautundika kwenye mti wa mbali. Exaucé akalisafisha bomba na kulijaribu. Meko yanawaka kuni, moshi wote unapanda juu na kutoka. Jaël alisimama mbele yake muda mrefu. "Ninawahurumia," akasema juu ya nyuki. Pitshou akamwapia kwamba malkia amekwenda pamoja nao.

Tumekaa tena kuamua, safari hii watu watatu. Meko ndiyo ya kwanza. Umeme ni akiba, ukitaka kuja uje. Mbabula inabaki uani, ya kupikia. Mama ndiye aliyesema hilo, kisha akaibeba mwenyewe mpaka chini ya ukuta wa nyuma. Lakini juu ya yote, mtoto anakaa kifuani, kama mama Sylvie alivyoagiza.

10 Julai

Baridi kali. Kifua changu, zamu tatu.

16 Julai

Gaëlle ananyonya mwenyewe. Jaël anasema anavuta kama pampu ya mgodini.

21 Julai

Hakuna jipya. Jambo jema, kutokuwa na jipya.

30 Julai

Mama amerudi sokoni nusu siku. Wenzake walimuuliza alikuwa wapi. Aliwaambia yote, dirisha na kitenge cha chini ya mlango, kila kitu, akiwa amesimama katikati ya meza za samaki. Mwanamke mmoja alianza kulia. Naye hulala na mbabula ndani na wajukuu. Mama alifunga biashara yake mapema, akamfuata mpaka kwake kuitoa nje.

11 Agosti

Upepo wa Agosti umeanza, mkavu, umejaa vumbi jekundu. Mchana kuna joto tena.

Leo tulimpeleka Gaëlle kupimwa. Mama Sylvie alimgeuza huku na huku, akasema, "Huyu sasa anaweza kulala yeye peke yake." Alilisema upesi, akamwita mwingine aliyefuata.

Nyumbani tulimlaza katikati ya kitanda, na shuka moja. Tukasimama watatu tukimtazama, hakuna aliyeketi. Mama alishindwa wa kwanza, akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika mguu.

"Firmin," akasema. "Gusa."

Niligusa. Ulikuwa wa moto. Hakuna aliyekuwa amembeba, meko yalikuwa yamezimika tangu asubuhi, umeme haupo. Ule mwili mdogo ulikuwa unatengeneza moto wake wenyewe, kutoka ndani, bila kelele.

Jaël aligusa, akagusa tena. Mimi nilikuwa nimevua shati kwa mazoea, nikingoja zamu yangu.

"Vaa, papa," mke wangu akaniambia. "Utapata baridi."